Jina Nililoliandika Siku ya Lucia

Tabitha mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako, sanduku lako liko mlangoni limenizibia njia ya kwenda chooni, na mimi nimekaa hapa jikoni na kalamu kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Ni saa mbili jioni na jua la Agosti bado limeng'ang'ania vibaraza vya jengo la mbele. Nataka nimalize kabla hujarudi. Ukinikuta naandika utauliza kuna nini, nami nitasema hamna kitu, na safari hii sitaki kusema hamna kitu.

Mambo ya soksi, ya dawa za mafua, ya kutochanganya nguo nyeupe na za rangi, hayamo humu. Hayo nimekuambia mpaka umeanza kuyaimba kwa kunikejeli. Humu mna jambo moja tu, na nimelikwepa kwa miaka minane.

Wiki tatu zilizopita Didas, mwenzangu wa kazini wa zamani, alipiga simu. Alikuwa amesikia kwa watu wa ibada ya Kiswahili kwamba umepata nafasi ya kusomea uuguzi Umeå, mji anaoishi yeye. Akasema atakusubiri stesheni. Nilipokuambia, ulinijibu kwa Kiswedi, kama unavyofanya kwa kila jambo unalolimaanisha kweli: "Nej, mamma. Han svek dig." Eti alinisaliti. Mimi nilikuwa nakata vitunguu. Nikaendelea kukata.

Didas hakunisaliti, Tabitha. Mimi ndiye niliyemsaliti. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanipigia simu, hata kama utakuwa na hasira. Najua utakuwa na hasira, maana umezaliwa na mimi.

Itabidi nianze na kazi yangu, ambayo hukuwahi kuielewa, na hilo nalo ni kosa langu. Wenzako wakikuuliza mama yako anafanya nini, ulikuwa unasema "något med datorer", kitu fulani cha kompyuta, kisha unabadilisha mazungumzo. Haya, ngoja nikueleze. Kule Kista tulikuwa na ukumbi wa baridi, wenye mvumo usiokatika, na ndani yake mashine kubwa kama makabati ya nguo. Kampuni yetu ilikodisha nguvu za mashine hizo kwa kampuni nyingine. Mashine moja iligawanywa kwa ndani, kila mteja akapewa sehemu yake, akafanya kazi kana kwamba yuko peke yake. Na ndani ya mashine zilikuwamo prosesa, vile vipande vinavyofanya hesabu zote, nyingi kuliko tulizozinunua. Muuzaji alizileta zote tangu mwanzo, nyingine akazifunga. Siku kazi ikizidi, unatoa amri moja na prosesa iliyofungwa inafunguka. Unaweza kuinunua moja kwa moja, au ukaitumia kwa siku chache tu. Siku hizo zinanunuliwa mapema, na mashine yenyewe inazipunguza kadiri unavyotumia.

Mambo hayo yote yalikuwa na majina ya Kiingereza, kwenye vitabu vinene ambavyo hata Waswedi waliovisoma walivisoma nusu. Mimi na Didas tulipokuwa wawili ukumbini tulijitungia majina yetu. Didas alitoka Bujumbura, alikuwa mhandisi mwenye cheti ambacho huku hakuna aliyetaka kukifungua, akikaa Hjulsta kwenye chumba cha kupanga. Nilikutana naye kwenye ibada, nikapeleka karatasi zake kwa bosi wetu, Lennart. Alichukuliwa kwa mkataba wa miezi sita, ukaisha, ukaongezwa mingine sita. Mimi nilikuwa mwajiriwa wa kudumu. Kumbuka hilo.

"Prosesa tuiite kichakataji," nilimwambia siku moja. "Ndivyo wanavyosema wasomi kwetu Tanzania."

Alicheka mpaka akashika kabati. "Kichakataji! Mama Tabitha, hiyo si mashini ya kusaga nyama?"

Tukabaki na prosesa. Zile sehemu za ndani mimi nilitaka ziitwe migao, yeye akasema vyumba, akashinda. Kufungua prosesa tukaita kuamsha, na kuifunga kuilaza. Na zile za siku chache yeye ndiye aliyezibatiza vibarua. "Kwa sababu zinakaa kwa mulango zinangoja kuitwa," alisema, "na kazi ikiisha zinarudi nyumbani. Kama miye." Nilicheka sana siku hiyo. Sasa nikilikumbuka neno hilo sicheki.

Maneno yote aliyaandika kwenye daftari la kijani la hesabu. Huenda unalikumbuka, kwa sababu wewe ndiye uliyechora ukurasa wa kwanza: nyumba yenye vyumba vitano, na watu wamelala ndani na soksi zao miguuni. Ulikuwa na miaka kumi. Alikuwa anakuja kwetu Väsby Jumamosi, anakufundisha sehemu za hesabu kwa kukata ugali. Mara ule robo, mara ubakize theluthi, na ukikosea anakula yeye. Ulikuwa unakosea makusudi ili usimalize ugali wako, na yeye alijua, na alishiba kila Jumamosi.

Sasa nije kwangu.

Miaka ile sikuweza kusema hapana kazini. Baba yako alikuwa amerudi Arusha tangu una miaka minne, akabaki kuwa sauti ya Krismasi kwenye simu, na mimi niliishi kwa hofu kwamba wakigundua nachoka watanitoa. Mtu akiumwa, zamu yake naichukua. Mtu akienda likizo, naichukua. Nilijisifu kwamba nina nguvu za akiba. Nilimwamshia kila mtu kila nilichokuwa nacho, na nikirudi nyumbani naomba tu usiongee mpaka nivue viatu. Maonyesho ya shule sikuja. Siku ya wazazi sikuja. Yule mwalimu wako wa darasa la tatu aliniita "mamman som jobbar", mama anayefanya kazi, kana kwamba wengine walikuwa wanacheza. Nilimkasirikia, lakini alikuwa anasema alichokiona. Mwishowe ukaacha kunipa karatasi za shule. Nilizikuta chini ya mkoba wako, zimekunjwa ndogo kama vipande vya biskuti. Hukulalamika. Ungelalamika ningejitetea.

Kisha ukachaguliwa kuwa Lucia, msichana wa taji la mishumaa anayeongoza wimbo shuleni asubuhi moja ya Desemba. Karatasi hiyo hukuikunja. Uliiweka juu ya mto wangu, na chini yake umeandika kwa penseli: "Kommer du?" Utakuja? Nilikaa kitandani nayo muda mrefu nikiona aibu.

Asubuhi ya Lucia niliingia kazini mapema sana ili saa moja niwe nimetoka. Mmoja wa wateja wetu alikuwa kampuni inayopanga ratiba za wahudumu wa wazee, wale wanaokwenda majumbani asubuhi kuwaamsha, kuwapa dawa, kuwawekea uji. Kila alfajiri mashine inapanga nani aende kwa nani. Wakati ule walikuwa wameongeza wazee wengi na chumba chao kilikuwa kidogo, ratiba zilikuwa zinakwama. Kwa hiyo niliamsha vibarua wanne kwa muda wa saa moja tu. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Lakini mashine ile haikuamshii kibarua hivi hivi. Inakuuliza kwanza: nani ameruhusu? Na unatakiwa uandike jina la mkuu wa zamu, baada ya kumwomba.

Mkuu wa zamu wiki ile alikuwa Didas. Alikuwa amekwenda kuchukua kahawa. Kumngoja ni dakika tano, labda kumi, na mimi nilikuwa nahesabu dakika. Nikaandika jina lake. Sitaki kujipaka matope zaidi ya yaliyopo: sote tulikuwa tunafanyiana hivyo pale, ilikuwa tabia yetu mbaya, tunaandikiana majina kama mtu anavyompokelea jirani kifurushi. Ratiba zikatoka salama kabla ya saa moja. Kilichobaki ni kuwalaza vibarua. Amri moja, mstari mmoja. Nikatazama saa ya ukutani, nikaona basi la kwenda Helenelund linakuja kule chini, nikachukua koti nikakimbia.

Hapa ndipo ninapotaka unielewe vizuri, kwa sababu miaka yote nimejiambia kwamba nilisahau, na mtu akisahau anasamehewa. Sikusahau. Nilipokuwa kwenye treni, tumetoka Rotebro, imebaki stesheni moja tu kufika Väsby, nilikumbuka. Nilikumbuka waziwazi kama mtu anayekumbuka chungu jikoni. Simu ilikuwa mkononi. Ningempigia Didas na kumwambia nilazie wale wanne, angefanya hivyo kwa nusu dakika. Lakini angeuliza nani amewaamsha, na kwa ruhusa ya nani, nami ningelazimika kusema nimeandika jina lako bila kukuuliza, kwa haraka, mbele ya abiria. Treni ikaanza kupunguza mwendo. Nikasema nitafanya kesho. Nikaiweka simu mfukoni.

Uliyoyaona wewe unayajua. Taji lilikataa kukaa juu ya misuko yako, mwalimu akalifunga kwa pini nne. Uliingia mbele ya wote na mishumaa ya betri kichwani, umenyooka kama askari, macho yako yanatafuta kwenye viti. Ukaniona. Ukatabasamu hivyo hivyo katikati ya wimbo, mpaka ukasahau kuimba na wenzako nyuma wakaendelea bila wewe. Baadaye tulikula mikate ya zafarani, ukanishika mkono kutoka shule hadi nyumbani, na ulikuwa umeshaacha kunishika mkono mbele za watu. Mwezi wa sita mwaka huu, siku ya kumaliza shule, na kofia yako nyeupe kichwani, ulisimama mbele ya wageni ukasema kumbukumbu yako nzuri kuliko zote ni asubuhi ile mama alipokuja. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaenda bafuni nikafungulia maji.

Ndiyo maana sikuweza kukuambia. Nilikuwa na jambo moja tu zuri nililokufanyia, na nilijua limegharimiwa na nani.

Kesho yake nilipelekwa ukumbi mwingine kuhamisha mashine za mteja mwingine, na vibarua wakanitoka kichwani kabisa. Wao waliendelea. Wanne, mchana na usiku, bila kazi ya kufanya. Mashine iliyopungukiwa inapiga kelele, inatuma ujumbe, inakuamsha. Iliyozidishiwa inanyamaza tu. Siku tulizonunua za kutosha majira yote ya baridi zikaisha kabla ya Krismasi, na hakuna aliyetazama, kwa sababu mashine hailazi kibarua aliye macho mpaka izimwe. Katikati ya Krismasi na mwaka mpya mashine ikazimwa ili itengenezwe, ikawashwa tena. Ilipowaka ikatafuta siku zake, haikuzikuta, ikawaacha wale wanne wamelala.

Jumatatu ya kwanza baada ya sikukuu ilibidi ratiba zote zipangwe upya. Chumba kikajaa, kazi ikakwama. Wenzetu wakajaribu kuamsha vibarua, mashine ikakataa. Ofisi ya muuzaji ilikuwa haijafunguliwa bado, hakuna wa kutuma ruhusa mpya. Ratiba zilizotakiwa alfajiri zilitoka adhuhuri. Wahudumu walikwenda kwa wazee waliowakumbuka kwa kichwa, na wazee ambao hawakukumbukwa na mtu walingoja. Kwenye mtaa wa Fisksätra kuna bibi mmoja aliyechoka kungoja, akaamua kuinuka mwenyewe kitandani. Alikutwa mchana kwenye sakafu ya jikoni, nyonga imevunjika. Alikuwa amevuta kitambaa cha meza akajifunika. Hakufa. Hilo ndilo ninaloweza kukuambia juu yake, kwa sababu jina lake sikuambiwa.

Lennart alituita wote chumba cha mikutano. Alikuwa amechapisha daftari la mashine, lile ambalo mashine huandika yenyewe kila inapoamriwa. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Vibarua wanne, asubuhi ya Lucia, hawakulazwa. Aliyeruhusu: Didas. Aliyewaamsha halikumtaja, kwa sababu sote tuliingia kwenye mashine kwa neno la siri moja.

Akauliza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele, "Jina hili ni la nani?"

Didas alitazama karatasi. Akanitazama mimi. Alijua, Tabitha. Alijua siku gani, saa gani, nilikuwa nakimbilia wapi, kwa sababu mwenyewe ndiye aliyekuwa ameniambia kwa wiki nzima, "Uende kwa mutoto, usikose." Nilikuwa na muda wa kufungua mdomo. Nakumbuka saa ya mkononi ya Lennart, nakumbuka kulikuwa na bakuli la pipi za sikukuu mezani, zile zenye karatasi nyekundu. Nilikuwa na muda mwingi.

"Det är mitt namn," Didas alisema. Ni jina langu.

Hakusema mimi ndiye niliyefanya. Alisema jina ni lake, na hilo lilikuwa kweli. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, haukuongezwa.

Nilimkimbilia kwenye ngazi siku aliyobeba vitu vyake. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Akaninyooshea kiganja.

"Mama Tabitha, usiseme kitu. Weye uko na mutoto. Miye niko peke yangu, nitapata kazi."

"Didas, mimi..."

"Usiseme. Ukisema, nitakuwa nimefukuzwa bure."

Nikanyamaza. Nilijiambia namheshimu. Ukweli ni kwamba alinifungulia mlango nami nikapita haraka kabla hajabadili mawazo. Akahamia Umeå kwa sababu kulikuwa na mtu wake huko, na kazi aliyoipata ni kuendesha basi la mji. Alikuwa fundi kuliko mimi, Tabitha, mbali sana. Mpaka leo anaendesha basi.

Hayo yote ni mabaya, lakini si hayo yanayoninyima usingizi. Uliniuliza mbona Didas haji tena Jumamosi. Ulikuwa umekaa kwenye kiti hiki hiki nilichokalia. Nikasema, "Didas alikosea kazini, akamwingiza mama kwenye matatizo." Lilitoka laini kabisa, sikuhitaji hata kulifikiria. Ukaja kunikumbatia ukasema sisi wawili tunatosha. Kadi yake ya Pasaka ilipofika, uliichana mbele yangu ili unionyeshe uko upande wangu. Ya Krismasi hukuifungua. Akaandika miaka mitatu, akaacha. Nami niliziokota kadi hizo kwenye taka, nikazificha, na sikusema.

Siku moja, majira ya kuchipua yaliyofuata, nilipanda treni ya Saltsjöbanan nikashuka Fisksätra. Nilizunguka katikati ya majengo, nikitazama madirisha ya jikoni kama mwizi. Sikujua hata ghorofa. Mzee mmoja akaniuliza kama nimepotea, nikasema ndiyo, akanielekeza stesheni. Nikarudi. Nakuambia hili si kwa sababu lilisaidia kitu. Nakuambia ili ujue mtu anaweza kuzunguka muda mrefu mahali ambapo si penyewe, kwa kuwa penyewe ni karibu mno. Mtu wa kumwambia alikuwa chumba cha pili, anafanya kazi za shule.

Sina busara kubwa ya kukupa kutokana na haya. Najua mambo mawili matatu tu, na nimeyajua kwa kuchelewa. Najua uongo mkubwa haukunishinda, kilichonishinda ni simu ya nusu dakika pale Rotebro. Najua hofu yangu ya kufukuzwa ilikuwa ya kweli, na haikuwa sababu ya kutosha. Najua mtu akikuambia usiseme, huenda anakuhurumia, lakini si lazima umtii. Wewe unakwenda kushika dawa za watu na kuandika jina lako kwenye karatasi zao. Utachoka, utachelewa, kutakuwa na mtoto au mpenzi anayekungoja mahali. Siwezi kukusaidia siku hiyo. Nilitaka tu uwe umesikia mapema jinsi inavyokuja, kwamba haiji na ngoma. Inakuja kama basi ambalo hutaki likuache.

Leo mchana, ulipokwenda kununua tiketi ya treni, nilimpigia Didas. Sikutaka uwe wewe wa kumbebea habari zangu. Nilimwambia yote, tangu kahawa aliyokwenda kuchukua hadi ngazi. Alinisikiliza. Nyuma nilisikia watoto wake wawili wanagombania kitu, na mkewe anawatuliza.

"Mama Tabitha," alisema, "yale nilikuwa najua. Yalikwisha."

"Hayajaisha," nikamwambia. "Tabitha anaamini ni wewe. Nilimwambia ni wewe."

Nikasikia anafunga mlango. Sauti za watoto zikapotea.

"Ndiyo sababu hakujibu kadi zangu?"

"Ndiyo."

Kisha akasema polepole, bila kupandisha sauti, "Kazi nilikuachia, Mama Tabitha. Mutoto sikukuachia."

Akakata simu. Nimepiga mara mbili tena, hakupokea.

Kwa hiyo sijui kama kesho atakuwapo stesheni. Mara ile ya kwanza alipopiga alisema, "Nitamungojea kwa gare," na swali lake lilikuwa moja tu, una masanduku mangapi, ili aje na gari linalotosha. Nilimwambia moja. Baada ya maneno ya leo, asipokuja ana haki. Nami sikuombi umsamehe mtu yeyote, wala yeye hana cha kusamehewa, na langu ni lako kuamua, wakati utakaotaka, au usitake.

Lakini nisikilize. Ile mashine ilishauzwa kama chuma. Kampuni ile ilimezwa na nyingine. Lennart amestaafu, nilimwandikia wiki hii na sijui kama atajibu, na daftari la mashine lilifutwa zamani. Nimetafuta mahali pa kwenda kurekebisha jina, hapapo. Mahali pekee palipobaki duniani ambapo kosa lile lina jina la Didas ni kichwani mwako. Nililiandika mimi. Usiku wa leo nalifuta, hata kama kwa kulifuta naondoa na ile asubuhi ya mishumaa. Nilikuja, Tabitha. Hilo halikuwa uongo. Nilipokuona umesimama pale na pini zako nne, sikuwaza mashine wala Didas wala mtu mwingine, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Haya yote yalitokea asubuhi hiyo hiyo, na sijui namna ya kuyatenganisha. Labda wewe utaweza.

Treni ikisimama Umeå Östra, shuka taratibu. Akiwapo utamjua, anatembea bado kama mtu anayechelewa, bega la kushoto mbele. Mwache abebe sanduku, atataka kubeba. Asipokuwapo, usimkasirikie, na usikae kungoja hapo. Anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha hii, na ndani yake mna kadi zake ambazo hukuzisoma. Nenda Jumamosi, utakapokuwa tayari. Kula utakachopewa.

Kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku nimetia lile daftari la kijani. Alilisahau kwenye droo yangu siku ile, au aliliacha, sijawahi kujua. Mchoro wako upo, watu na soksi zao. Mpe mwenyewe. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya maneno yetu, nimeandika leo yale ambayo mashine iliniuliza asubuhi ile, na moja ambalo haikuuliza:

Vibarua wanne.
Aliyewaamsha: Eliwaza Yonazi.
Aliyeruhusu: hakuna.

Nasikia lifti. Nadhani ni wewe.

Mama yako,
Eliwaza Yonazi